Bi Harusi wa Tanuri

Mgeni alifika getini saa nne asubuhi, wakati vioo vyote vya jua uwandani vilikuwa vimeshageuzwa kuelekea mnara. Saa hiyo hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa kuingia. Mlinzi akampigia simu Sekela Mwaisumo, mpima moto wa tanuri, kule juu mnarani.

"Dada Sekela, kuna mtu hapa. Ana mtoto wa kike na dumu la asali."

"Mwambie leo hatununui asali."

"Hauzi." Mlinzi akashusha sauti. "Anasema amekuja ukweni."

Sekela akacheka, akidhani mwenzake ametaniwa. Lakini aliposhuka na kuvuka uwanja, akiwa amekinga macho yake dhidi ya mng'ao wa vioo, alimkuta mwanamume wa makamo amesimama kando ya benchi la wageni bila kulikalia. Kofia ilikuwa mkononi. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa kiwi, juu ya kiwi vumbi jekundu la Manyoni. Msichana wa miaka sita hivi alikuwa amejificha nyuma ya mguu wake, akichungulia.

"Shikamoo," yule mwanamume alisema, macho yake chini.

Sekela alishtuka. "Kaka, mimi ndiye wa kukuamkia wewe."

"Ukweni hakuna umri." Akaliweka dumu miguuni pa Sekela kwa mikono miwili. "Ni asali ya Itigi, ya nyuki wadogo. Naitwa Lameck Chilongani, natokea Kilimatinde. Huyu ni Yunisi. Mke wangu ni Damari."

Sekela alilijua jina hilo. Lilikuwa limechongwa kwenye kibati kidogo juu ya mnara, na yeye alikuwa akilifuta vumbi kila asubuhi. Kabla hajapata la kusema, simu ya upepo iliyokuwa kiunoni mwake ikakohoa, sauti ya fundi Msengi ikatoka kubwa na ya furaha kama kawaida yake:

"Sekela! Bi Harusi ameamka na ameshakunywa uji wake. Tumfunue, au bado unapiga soga?"

Lameck akainua uso kwa mara ya kwanza. "Bi Harusi ni nani?"

Sekela angeweza kumwambia ni jina la mashine. Isingekuwa uongo mkubwa.

"Ni yeye," Sekela alisema. "Tunamwita hivyo kwa sababu anakaa nyuma ya vioo vyeusi saba, kama shela. Samahani. Hatukufikiria kwamba siku moja mtu wake angetusikia."

Lameck aliigeuza kofia mkononi. "Siku ya harusi alivaa shela ya kuazima," alisema. "Ilimwasha. Alipiga chafya mbele ya mchungaji." Kisha akatabasamu kidogo, na Sekela akamwambia mlinzi afungue geti.

*

Kutoka chumba cha juu mtu aliweza kuuona mji wote wa Manyoni, mabati yake na miti yake, na pande zake tatu, maelfu ya vioo vilivyolala uwandani vikiutupia mnara jua lote vililolipata. Jua hilo lilipikwa ndani ya matofali makubwa ya kaboni, yakawa meupe kwa moto. Usiku matofali yaliurudisha mwanga wao kwenye mabamba ya kuzalisha umeme, na mji ukawaka taa. Mawe hayo yakipoa, taa huzimika. Kwa moto wa sasa, taa zilizimika saa tisa usiku.

Yunisi alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha kutazamia tanuri. "Mama yuko kwenye hilo jiko?"

"Hapana, mdogo wangu. Yuko huku pembeni, analitazama tu."

Sekela aliwaonyesha. Bakuli la kioo lisilozidi limau kwa ukubwa, lenye maji yaliyotiwa chumvi na sukari, na ndani yake utando mwembamba wa rangi ya waridi, kama ngozi ya juu ya maziwa. Seli chache zilichukuliwa kutoka nyuma ya macho ya Damari siku aliyofariki, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesema zamani kwamba akifa macho yake apewe yeyote mwenye kuyahitaji. Seli zikaoteshwa. Kutoka kwenye utando huo zilitoka nyuzi nyembamba kuliko nywele, zikaishia kwenye skrini yenye mistari minne.

"Kwa nini yeye?" Lameck aliuliza. "Macho ni mengi."

"Kaka Lameck, nyumbani una sufuria mbili? Moja umeisugua inang'aa, nyingine ina masizi?"

"Ninazo."

"Zijaze maji, zichemshe zote. Moto ni ule ule. Lakini ukisogeza kiganja karibu na ubavu wa sufuria, bila kugusa, ile ya masizi inakupa joto zaidi. Sisi tunasema uso wake ni mkarimu. Ule unaong'aa ni bahili, joto unalo ila hautoi." Akaelekeza kidole kwenye tanuri. "Mawe yangu yana joto ambalo hakuna kipimo kinachoweza kuligusa bila kuyeyuka. Napima kwa mwanga tu, kwa mbali. Sasa uso wa jiwe hubadilika tabia linapoiva. Asubuhi ni mkarimu, mchana ni bahili. Kamera ninayopimia ikiona mwanga umepungua inadhani jiwe limepoa, inaomba jua zaidi. Mwaka juzi tulipasua jiwe kubwa kwa kosa hilo, nusura ukuta uende nalo."

"Na Damari?"

"Watu wengi macho yetu yana vipokezi vya rangi vya aina tatu. Wanawake wachache sana wana aina nne. Mkeo alikuwa mmoja wao. Katika moto, rangi ile ya nne ndiyo inayotenganisha joto na ukarimu. Jicho lake halidanganyiki. Tunalitumia kuzifundisha kamera, hatua kwa hatua, moto ukiongezwa. Zikihitimu digrii elfu mbili na mia moja, mji huu utakuwa na taa mpaka alfajiri."

Lameck alimtazama Yunisi pale kwenye kioo. Sekela alidhani amemchosha. Kumbe mwanamume huyo alikuwa akitafuta pa kuanzia.

"Huyu mtoto alizaliwa Damari akiwa ameshapoteza fahamu," alisema kwa sauti ya chini. "Hakufumbua macho tena. Sasa Yunisi amekua, ana swali moja tu. Asubuhi swali hilo, jioni swali hilo. *Mama aliniona?* Mimi simdanganyi mwanangu, shemeji. Namwambia bado. Nikasikia redioni kwamba macho ya mama mmoja wa Kilimatinde yako hai, yanafanya kazi Manyoni. Nikasema, basi hawa ndio wanaokaa na mke wangu. Na mtu akitaka mke wake aende kusalimia nyumbani, anakwenda ukweni kwa adabu, anaomba ruhusa."

"Kaka," Sekela alisema polepole, "nisikudanganye na mimi. Nyuma ya utando huu hakuna ubongo. Unaona, lakini haujui kwamba unaona."

"Sijaomba ajue. Nimeomba amwone."

Sekela alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba kila jambo jema lina nafasi yake na kwamba mambo mema hayagombani. Jicho lilikuwa na afya, kazi ilikuwa inakwenda vizuri, muda ulikuwepo wa kutosha. Akachuchumaa mbele ya Yunisi.

"Mama akimaliza kazi hii ya moto," alisema, "kabla hajachoka kabisa, atakutazama wewe. Mimi nitampigia baba simu. Nakuahidi."

Yunisi, mwenye pengo la meno ya mbele, alimpima kwa macho. "Hata kama nitakuwa nimeota meno?"

"Hasa ukiwa umeota meno."

*

Jicho lilianza kuchoka mwezi uliofuata.

Msengi ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa amempelekea Bi Harusi uji wake wa sukari na chumvi akimwimbia, maana alidai bila wimbo haufyonzi vizuri. Akaacha kuimba katikati ya ubeti. Mstari wa nne, ule wa rangi ya nne, ulikuwa unatetemeka.

Sekela akapunguza mwanga. Akabadilisha kioo cheusi kimoja, akaweka kizito zaidi. Mstari ukatulia, lakini haukurudi ulipokuwa. Kila hatua ya moto ilikuwa inachoma kitu kidogo ambacho maji ya sukari hayakuweza kukirudisha. Seli nyingine za Damari hazikuwepo. Mtu mwingine mwenye rangi ya nne alikuwa hajapatikana. Kamera zilikuwa zimehitimu hadi elfu moja na mia tisa na themanini. Hatua mbili zilibaki.

Injinia Mkami, mkuu wa mradi, alipanda juu mwenyewe kuliangalia. Alikuwa mwanamke mrefu wa Musoma, hazungumzi haraka.

"Lina nguvu ya hatua ngapi?"

"Mbili," Sekela alisema. "Labda."

"Basi tunamaliza. Shukuru Mungu."

"Na mtoto?"

Mkami alikuwa anaijua habari ya mtoto. Mji mzima ulikuwa unaijua, kwa sababu Msengi alikuwa anaijua.

"Likitazama hizo mbili, halitabaki la kumtazama mtu," Sekela aliendelea. "Na tukilipumzisha gizani ili liweze kuona mwanga mdogo wa uso, halirudi tena kwenye moto. Ni moja au lingine."

"Uliahidi kitu ambacho hakikuwa chako."

"Ndiyo."

Mkami akaenda dirishani. "Sikia, binti. Hospitali ina mawe yake, hayahusiki hapa. Kwa hiyo siwezi kukwambia kuna mtu atakufa. Ningekwambia hivyo ungekubali sasa hivi, na ningekuwa nimekudanganya. Ninachosema ni kwamba wapika maandazi wa pale stendi huamka saa tisa na nusu kukanda unga. Watoto wa kidato cha nne huamka kusoma. Wote hao wataendelea kuwasha vibatari, macho yakiwawasha kwa moshi. Mimi nimesoma kwa kibatari. Si kitu cha kuua mtu. Ni kitu cha kuchosha mtu kila siku ya maisha yake."

"Tunaweza kuzifundisha kamera kwa tundu," Sekela alisema.

Njia ya tundu ilikuwa ya zamani sana. Ukitoboa jiwe tundu refu na jembamba, mwanga unaotoka kule ndani hugonga ukuta kwa ukuta mpaka ubahili wote unakwisha, ukatoka na ukweli mtupu wa joto. Lakini jiwe lenye tundu hupasuka likizidishiwa moto. Inabidi kwenda digrii chache kwa mara moja, kungoja, kubadilisha jiwe, kuanza upya.

"Miaka miwili," Mkami alisema. "Mitatu."

"Nitaifanya mimi."

"Na Shinyanga je?" Tanuri la pili lilikuwa linakwenda kujengwa Shinyanga, na ilikuwa imeshasemwa, bila kuandikwa popote, kwamba atakayeifikisha Manyoni digrii elfu mbili na mia moja ndiye atakayekwenda kuliongoza. "Hawatakungoja miaka mitatu."

Sekela alikuwa ameshachora tanuri hilo kichwani mara nyingi. Alijua hata mahali atakapopanda miti ya kivuli. Akaligeukia bakuli.

"Damari hakutoa macho yake kwa ajili ya tanuri. Alisema apewe yeyote mwenye kuyahitaji. Sisi tuliyahitaji, tukapewa, yametufikisha hapa. Sasa kuna mtoto anayahitaji. Akija mgonjwa wa pili, Injinia, hatumwambii kwamba wa kwanza hajashiba."

Mkami alikuwa bado dirishani. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mkali na macho yake hayakuwa makali.

"Jicho liko chini ya mikono yako. Sitalichukua kwa nguvu. Lakini ubao wa getini, ule wa saa za umeme, utauandika wewe. Na siku ya mkutano wa wananchi utasimama wewe, si mimi, uwaambie kwa nini."

"Nitasimama."

"Msengi!" Mkami aliita. "Shusha jua. Zima."

Huko uwandani, vioo vikaanza kugeuka, safu kwa safu, vikiuachia mnara kivuli chake.

*

Walilipumzisha jicho gizani siku tatu, kwenye banda la chini ya mnara, limefunikwa kwa blanketi. Siku ya nne Lameck alifika na Yunisi, na safari hii pia hakutaka kukaa. Yunisi alikuwa amefungwa kanga nyekundu kifuani, ikiburuzika chini.

"Ni ya mama yake," Lameck alisema. "Doti yake ya mwisho kununua. Kipande kimoja amevaa, kingine ninacho hapa."

Msengi alikuwa amevaa shati safi. Hakutania. Alisimama kando ya bakuli, akamwambia Lameck, "Shemeji, turuhusu tumfunue."

"Mfunueni."

Akaondoa kioo cheusi cha kwanza. Cha pili. Kwenye skrini mistari minne ilikuwa imelala chini kabisa, imenyooka kama uzi uliotandikwa. Cha tano. Cha sita. Alipoinua cha saba, mwanga wa saa kumi jioni, ule mpole unaopita dirishani bila kuunguza kitu, ukaangukia maji. Mistari ikatikisika. Kisha yote minne ikapanda.

Sekela akamsogeza Yunisi mbele, kwenye kigoda. Mtoto aliyekuwa na maneno njia nzima alikunja vidole vya miguu. Aliliangalia bakuli. Akajifuta pua kwa kanga.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi Yunisi." Akafikiri. "Hili jino limeota juzi. Na hili linacheza, ukilisukuma kwa ulimi. Ona." Akapanua kinywa mbele ya bakuli kama mbele ya daktari wa meno.

Msengi akageuka kutazama ukuta.

Jua lilikuwa linampiga mtoto usoni kutoka upande, naye akawa anafinya macho. Lameck akakifungua kile kipande cha pili cha kanga, akakinyoosha kando ya kichwa cha mtoto kumkinga. Hapo Sekela aliona jambo kwenye skrini.

"Kaka Lameck. Ondoa hiyo kanga."

Akaondoa.

"Irudishe."

Akairudisha. Mistari mitatu ilikaa pale pale. Wa nne uliruka.

"Sogeza kidogo, ikae sambamba na ile aliyovaa." Sekela aliinama karibu na skrini. Alitazama kanga mbili, akatazama skrini, akatazama kanga. Kwa macho yake zilikuwa nyekundu moja, pamba moja, maua yale yale meupe. "Hivi vipande viwili," alisema, "si rangi moja."

Dumu tupu la maji lilikuwa karibu na Lameck. Akalikalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kukaa katika uwanja wao.

"Rudia," alisema.

"Si rangi moja. Sisi hatuwezi kuona. Yeye anaona."

Lameck akaanza kucheka, na kicheko kikamponyoka, kikawa kitu kingine, kikarudi tena kuwa kicheko. "Alimrudishia muuzaji kanga hizi mara mbili! Mara mbili, juani, ana mimba! Anamwambia, baba, umenioanishia vipande vya doti mbili tofauti. Muuzaji anaapa. Watu wamejaa dukani wanamcheka. Na mimi..." Akaufunika uso kwa kanga. "Na mimi nikamwambia, Damari, usinitie aibu, twende nyumbani. Mpaka anakwenda hospitali alikuwa bado ananiambia, Lameck, siku moja utaona. Kila kitu chake kilikuwa *hapana, hizi si sawa*. Vitenge, nyanya, mawingu. Nilidhani ni ubishi wa kwao."

"Baba unalia?" Yunisi aliuliza.

"Nacheka. Mama yako ameshinda kesi."

Mtoto akageuka kwa Sekela. Sekela alikuwa ameliandaa jibu lake siku zote tatu. Lilikuwa jibu refu na la kweli, lenye seli na nyuzi na ubongo. Alipouangalia ule uso wenye pengo la jino, lilijifupisha lenyewe bila kupoteza ukweli wake.

"Ameniona?" Yunisi aliuliza.

"Amekuona. Na kanga zote mbili."

Yunisi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa deni lake. Akaliomba dumu la asali, ambalo siku zote lilikuwa limekaa bandani bila mtu kuthubutu kulifungua, akachovya kidole, akaanza kumweleza mama yake habari za mbuzi wao.

Sekela akatoka nje kimya kimya. Getini ubao ulikuwa umesafishwa tangu wiki iliyopita, ukisubiri kuandikwa UMEME HADI ALFAJIRI. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi kichwani alikuwa anapita, akasimama alipomwona na chaki.

"Haya, injinia wetu. Tuandikie. Ndiyo wiki yenyewe, si mlisema?"

"Tulisema, mama."

Akaandika kwa herufi kubwa: UMEME HADI SAA TISA USIKU.

Yule mama alisoma. Akashusha pumzi. "Vibatari tena."

"Vibatari tena. Ni uamuzi wangu mimi. Njoo mkutanoni Jumamosi, nitakueleza, na wewe utaniambia lako."

"Nitakuja," yule mama alisema, bila kutabasamu, "na nitakuwa na maneno."

"Nitayasikiliza yote."

Alirudi bandani. Mstari wa kijani ulikuwa umeanza kushuka, kisha wa buluu, pole, kama watu wanaoaga mmoja mmoja. Wa nne ulikuwa bado juu. Yunisi alikuwa amefika mahali ambapo mbuzi alikula daftari la shule, akiigiza kwa mikono yenye asali, kanga imemwanguka begani. Msengi alishika kile kioo cheusi cha saba, akamtazama Sekela kwa macho ya kuuliza kama amfunike.

Sekela akatikisa kichwa kukataa. Akavuta kigoda kingine, akakaa, na wote wakamwacha mtoto amalize hadithi yake.